Upande Ambao Babu Hakuuona

Kila asubuhi ya likizo ile, kazi ya kwanza ya Kitone ilikuwa kumshikia babu yake kioo. Ukutani pale uani palikuwa na msumari mzuri tu, na kioo kingeweza kuning'inia hapo bila kumsumbua mtu. Lakini babu alidai kuwa msumari hauna maongezi. Basi Kitone alisimama na kioo kifuani, babu akaketi juu ya kigoda na bakuli lake la maji ya moto, akajipaka povu la sabuni mashavuni, akawa ananyoa ndevu zake nyeupe huku akisimulia habari za mabango.

Babu alikuwa mchora mabango. Mtaani kwao ungeweza kutembea kutoka mwanzo wa barabara hadi mwisho ukikutana na mkono wake kila mahali. Kiatu cha fundi viatu kilikuwa chake, mkasi wa kinyozi ulikuwa wake, na hata lile jino kubwa la daktari wa meno, ambalo watoto waliliogopa kuliko daktari mwenyewe. Watu walimwita Mzee Brashi. Mjukuu wake naye alipata jina kutokana na kazi hiyohiyo, maana tangu akiwa mdogo hakurudi nyumbani bila tone la rangi mahali fulani: puani, kisiginoni, na siku moja ndani ya sikio.

Mama yake Kitone alikuwa mwoka mikate. Aliondoka nyumbani kabla jua halijachomoza, akarudi mchana na unga kwenye nyusi. "Nyumba hii mmoja rangi, mwingine unga," alizoea kusema. "Siku tukikumbatiana wote watatu, watu watatukata vipande watule kama keki."

Kitone alikuwa mtoto wa kuota mchana. Ungempa maneno mawili, angeshika la kwanza, la pili likamkuta ameshaondoka. Mwalimu wa darasa aliandika kwenye ripoti kwamba ni mtoto mwema, ila akili yake hupenda kusafiri bila kuaga. Mama alisoma akaguna. Babu alisoma akacheka.

"Akili ni nywele, kila mtu ana zake," alisema. "Za huyu zimekuwa ndefu tu. Mwacheni."

Ndiyo maana Kitone alimpenda babu yake kupita kiasi. Katika dunia nzima, ni yeye peke yake aliyemngoja arudi kutoka safari zake bila kumpigia kelele.

Likizo hiyo babu alipata kazi isiyo ya kawaida. Mwalimu wa sayansi wa shule ya Kitone alimwomba achore ubongo wa binadamu kwenye ukuta wa maabara, mkubwa, ili hata mwanafunzi wa dawati la nyuma auone vizuri. Alimpa picha ya mfano. Ilikuwa kichwa cha mtu kilichotazamwa kwa upande, pua ikielekea kushoto, kulikokuwa na mlango. Ndani ya kichwa kulikuwa na ubongo, na kila sehemu ilikuwa na rangi yake.

Babu hakukimbilia brashi. Kwanza alichukua kamba, akaipaka chaki ya unga, akampa Kitone ncha moja na yeye akashika nyingine. Waliikaza juu ya ukuta. Kisha babu akaivuta kwa vidole viwili na kuiachia. Kamba ikapiga ukuta, pwa, na mstari mweupe ukabaki pale, umenyooka kabisa. Walifanya hivyo kwa marefu na kwa mapana mpaka ukuta mzima ukajaa miraba, sawa na miraba midogo ambayo babu alikuwa ameichora kwa penseli juu ya ile picha.

"Sasa sikiliza siri ya kazi," babu alisema. "Usichore ubongo. Ukisema unachora ubongo, utaogopa, na mkono utatetemeka. Wewe chora mraba mmoja. Tazama kilichomo ndani yake kwenye picha, kitie ndani ya mwenzake ukutani. Ukimaliza, nenda kwa jirani."

Shule wakati wa likizo ni mahali pa ajabu. Kelele zote zilikuwa zimeondoka na watoto, kimya kikabaki kimekalia madawati. Nyayo zao wawili ziliita kwenye korido na korido ikaitikia. Ndani ya maabara mwanga uliingia kwa vipande kupitia vioo vya madirisha, na vumbi la chaki likaelea humo taratibu bila haraka ya kutua. Kitone alichanganya rangi kwenye makopo akahisi kama yuko usingizini na macho yake yako wazi. Alikuwa na furaha, na alijua kwamba ana furaha.

Asubuhi moja, miraba ikiwa imeshajaa mistari myeusi ya umbo la kichwa, babu alinyoa shavu la kulia, akasuuza wembe, akajifuta na taulo kidogo upande uleule, akainua uso.

"Vipi, nimependeza?"

Shavu lake la kushoto lilikuwa bado limejaa povu. Kitone alicheka mpaka kioo kikatikisika, kwa sababu alidhani ni utani. Babu alikuwa mtu wa utani. Lakini safari hii babu alimtazama kwa mshangao.

"Unacheka nini, mjukuu wangu?"

"Huku, babu. Umebakiza huku."

Babu akapeleka mkono, akagusa povu. "Loo, kumbe! Nimeamka na kichwa kizito leo. Usingizi haujaniachia." Akanyoa upande wa pili, na mambo yakaishia hapo.

Hayakuishia hapo. Wakati wa chai, babu alikula mkate uliokuwa upande wa kulia wa sahani, akasukuma sahani mbele. "Siku hizi mama yako anatupunja," alisema. Mayai yalikuwa palepale, upande wa kushoto, hayajaguswa. Kitone alizungusha sahani bila kusema neno. Mayai yakaja kulia. "Ahaa," babu akasema kwa furaha, "kumbe yapo," akayala yote.

Alipovaa shati, mkono mmoja tu uliingia kwenye shati, wa kushoto ukabaki nje. Njiani bega lake la kushoto likagonga nguzo ya lango la shule. Akaiomba nguzo msamaha, akaendelea kutembea.

Lakini ni ukutani ambako Kitone alishindwa kucheka tena. Babu alipaka rangi siku hiyo kwa mkono uleule hodari. Sehemu ya kisogoni aliipaka bluu, ya juu ya sikio manjano, ya utosini kijani. Ubongo mdogo, ulio chini kule nyuma, aliupa zambarau, na shina la ubongo kijivu. Kila mraba wa kulia ulijaa vizuri. Alipofika katikati ya ukuta alisimama, akarudi nyuma hatua chache, akafumba jicho moja kama afanyavyo fundi akipima kazi, akaanza kuosha brashi.

"Tumemaliza," alisema. "Ukuta umekwisha."

Upande wa kushoto ulikuwa mweupe. Sehemu yote ya mbele ya ubongo, paji la uso, pua, midomo na kidevu, vyote vilikuwa mistari mitupu. Kitone alitazama ukuta, akamtazama babu yake.

Alijua alichopaswa kufanya. Mtoto yeyote angejua. Lakini kulikuwa na maneno yaliyomkaa moyoni tangu wakati wa mvua, babu alipoteleza kwenye ngazi akateguka kifundo cha mguu. Siku hiyo mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, na sauti inatetemeka. "Baba, kikitokea kingine, nakupeleka kwa kaka. Huko kuna mtu wa kushinda nawe nyumbani. Mimi siwezi kuoka mikate huku nafikiria umevunjika shingo." Kwa mjomba kulikuwa mbali, mtu aliondoka asubuhi akafika giza limeingia. Kitone alijaribu kuwaza asubuhi isiyo na kioo cha kushika, akashindwa hata kuimaliza picha hiyo kichwani.

"Macho yake yamechoka," alijiambia. "Yakipumzika yatarudi." Na akaamua kukaa kimya.

Kuanzia siku hiyo akawa upande wa kushoto wa babu yake. Asubuhi alisema, "Lete nikumalizie, babu," akanyoa shavu lililosahaulika kwa uangalifu mkubwa. Mezani aliketi karibu naye, na mama akigeuka kuchukua chumvi, sahani ya babu ilizunguka. Njiani alitembea upande uleule ili nguzo zimgonge yeye kwanza. Na mchana, babu akijilaza kwenye mabenchi mawili yaliyounganishwa na kuanza kukoroma, Kitone alipanda juu ya meza ya maabara na kupaka rangi upande usioonekana.

Sehemu ya mbele ilitakiwa kuwa rangi ya chungwa. Mraba mmoja, kisha jirani yake. Mkono wake haukuwa wa babu, na mistari ilitetemeka hapa na pale, lakini ilikwenda. Akili yake nayo ikasafiri, kama kawaida yake. Alijiona anaingia ndani ya ukuta kwa mlango mdogo. Chumba cha bluu kilikuwa na picha zinazoogelea, na cha manjano kilikuwa na sauti zote alizowahi kusikia, zimekunjwa kwenye rafu kama mashuka. Katika chumba cha kijani mtu fulani alikuwa ameketi anapanga vitu, hiki huku, kile kule. Kila alipotaka kumwona uso wake, babu alikohoa usingizini, naye akajikuta juu ya meza na brashi inayodondosha.

Babu aliamka, akatazama ukuta, hakuona kilichoongezeka. Hilo ndilo lililomtisha Kitone kuliko yote, ingawa lilimsaidia.

Jioni moja walikuwa wanavuka barabara kurudi nyumbani. Kitone alikuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu, na babu akatangulia. Kutoka kushoto ilikuja baiskeli iliyopakia kreti za soda, inateremka mlima kwa kasi. Kengele ililia. Babu hakugeuka. Kitone aliruka, akashika shati lake kwa nyuma kwa mikono miwili, akavuta kwa nguvu zote. Baiskeli ikapita ikiyumba, chupa zikigongana, na upepo wake ukawapiga usoni.

"Mzee, huoni?" mwenye baiskeli alifoka.

"Wewe ndiye umetokea wapi?" babu akafoka naye.

"Nimetokea huko huko barabarani, nitokee wapi tena?"

Babu akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Vijana wa siku hizi wanachipuka kama uyoga," alimwambia Kitone. Kitone alikuwa bado amelishika lile shati. Usiku huo aliisukuma sahani ya chakula pembeni, na mama alipomuuliza ana nini, alisema ameshiba.

Kesho yake mchana, Mwalimu wa sayansi alipita kuona kazi imefikia wapi. Alimkuta babu amelala na Kitone juu ya meza, brashi mkononi, rangi ya chungwa mpaka kwenye kiwiko.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Usishuke, endelea." Mwalimu aliketi kwenye dawati, akautazama ukuta kwa muda mrefu. Alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya chini. "Umependeza sana. Unajua unachokipaka?"

"Sehemu ya mbele."

"Na nyingine?"

Kitone akatikisa kichwa. Mwalimu akainuka, akaanza kuonyesha kwa kidole bila kugusa rangi mbichi. "Hii ya kisogoni ndiyo inayotengeneza picha. Jicho linapokea mwanga tu, lakini kuona kwenyewe kunafanyika huku nyuma. Hii ya juu ya sikio inasikiliza, na ndani yake kuna mahali pa kuwekea kumbukumbu. Ubongo mdogo unakusaidia usianguke hapo mezani. Shina la ubongo ndilo linalomfanya babu yako apumue sasa hivi, ingawa amelala. Hii ya utosini, ya kijani, inahisi unapoguswa, na inajua kila kitu kiko wapi: mkono wako uko wapi, mlango uko wapi, kulia na kushoto."

Brashi ya Kitone ilisimama. "Mwalimu, mtu akiwa haoni upande wa kushoto, jicho lake la kushoto limeharibika?"

"Ziba jicho lako la kushoto utazame mbele. Usigeuze kichwa. Unauona mlango?"

Kitone akaziba. Mlango ulikuwa kushoto kwake, na aliuona. "Ninauona."

"Basi jicho moja tu halitoshi kukunyima upande mzima. Sasa kuna jambo la ajabu. Nyuzi za ubongo zinapishana. Ubongo wa upande wa kulia ndio unaoutunza upande wa kushoto wa mwili, na wa kushoto unautunza wa kulia. Ile sehemu ya kijani ya upande wa kulia ikiumia, mtu anaweza kuusahau upande wote wa kushoto. Macho mazima, lakini upande haupo."

"Anaona giza?"

"Hebu niambie, sasa hivi unaona nini nyuma ya kichwa chako?"

"Giza," Kitone alijibu upesi.

"Tazama vizuri. Kweli ni giza?"

Kitone akatulia. Alijaribu kutazama nyuma ya kichwa chake bila kugeuka. Hapakuwa na giza. Hapakuwa na weupe wala weusi. Hapakuwa na kitu chochote, wala hata mahali pa kukosa kitu. Na maisha yake yote hakuwahi kulikumbuka pengo hilo hata mara moja.

"Ndivyo ilivyo," Mwalimu alisema taratibu. "Mtu huyo hajui kama amepoteza. Ukimwuliza, atakwambia yuko mzima."

Babu alikoroma, akageuka upande. Njiwa walitembea juu ya bati. Kitone alihisi chumba kizima kinaelea, na yeye yuko juu kabisa, peke yake.

"Na hii ya mbele?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hiyo ndiyo inayopima. Inauliza, nikifanya hivi leo, kesho kutakuwaje? Inakuzuia kufanya la kwanza linalokujia. Kwa watoto wa umri wako bado inajengwa, ndiyo maana mnahitaji watu wazima karibu."

Kitone alitazama ile rangi ya chungwa yenye mistari ya kutetemeka. Akili yake ikasafiri tena, lakini safari hii haikuingia kwenye vyumba vya rangi. Ilikwenda kesho. Aliiona barabara ile, kreti za soda zinateremka, babu anavuka, na yeye hayupo kwa sababu shule imefunguliwa. Hapakuwa na mtu wa kuvuta shati.

Akapiga moyo konde, akashuka mezani.

"Mwalimu," alisema, "babu hakupaka rangi huku. Babu hajui kama huku kuna ukuta." Na yote yakamtoka: povu, mayai, nguzo, baiskeli. Alipofikia habari ya kupelekwa kwa mjomba akaanza kulia.

Mwalimu hakumgombeza, wala hakungoja amalize kulia. Simu ilikuwa tayari sikioni, anaongea na duka la mikate anakooka mama yake Kitone, na mkono wa pili unatafuta funguo za gari.

Hospitalini babu alikasirika. "Mimi mzima," alimwambia daktari. "Waulize hawa." Daktari, kijana mtaratibu, akampa karatasi na kalamu, akamwomba achore ua. Babu akacheka kwa dharau. Kumwomba Mzee Brashi achore ua! Akachora shina, akachora duara, akachora petali nzuri sana upande wa kulia, moja baada ya nyingine, akarudisha kalamu. "Hilo hapo."

Lilikuwa nusu ua. Mama, ambaye alikuwa amekuja mbio na unga wake kwenye nyusi, aliitazama karatasi akafunika mdomo kwa kiganja.

Baada ya vipimo daktari aliwaita pembeni. "Ni kiharusi," alisema. "Shinikizo la damu lilikuwa juu, na mshipa mmoja mdogo upande wa kulia wa ubongo umeziba. Watu wanangoja mdomo upinde au mguu ufe ganzi ndipo waseme ni kiharusi. Hakiji hivyo kila mara. Mtu akibadilika ghafla, hata kama hana maumivu, mleteni saa ileile." Akasita kidogo. "Mngemleta asubuhi ile ya ndevu, tungeweza kuokoa zaidi. Lakini mmemleta kabla ya kiharusi cha pili, na hicho ndicho nilichokuwa nakihofia."

Kitone aliyasikia maneno yote, na yale ya katikati yalimchoma. Mama akachuchumaa mbele yake kwenye korido.

"Mficha maradhi kilio humfichua," alisema. "Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Ungempeleka kwa mjomba."

Mama akamvuta Kitone kifuani, rangi na unga vikachanganyika. "Yale niliyasema kwa hofu," alisema. "Sikujua kama yalikuziba mdomo. Nimekosa na mimi. Babu yako haendi popote."

Babu alilazwa, akapewa dawa, na siku zilivyokwenda akaanza mazoezi. Aliyemfundisha alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, ambaye alibandika utepe mwekundu kwenye ukingo wa kushoto wa sinia la chakula. "Mzee, huruhusiwi kula mpaka uuone mstari mwekundu," alisema. "Geuza kichwa, utafute. Usipouona, bado hujafika mwisho." Mwanzoni babu aliona ni mchezo wa watoto. Kisha akagundua kwamba kabla ya mstari mwekundu kulikuwa na maharage.

Kitone alipoona hivyo, akachukua kopo la rangi nyekundu. Nyumbani alipaka mstari kwenye ukingo wa kushoto wa meza, wa fremu ya mlango, na wa kioo cha kunyolea. Siku ya mwisho ya likizo, kwa ruhusa ya Mwalimu, alipaka mstari mmoja mpana kwenye ukuta wa maabara, kushoto kabisa, kutoka juu hadi chini.

Babu aliingia maabara akiegemea mkongojo, mama upande huu na Mwalimu upande ule. Akasimama mbele ya ukuta.

"Nani kaingilia kazi yangu?" alitania. "Mbona naona imekwisha?"

"Tafuta mstari mwekundu, babu," Kitone alisema.

Babu akaanza kugeuza kichwa. Alipita zambarau, bluu, manjano, kijani. Alipofika katikati, pale alipozoea kuishia, alisita, kisha akajilazimisha kuendelea, polepole, kama mtu anayesukuma mlango mzito. Shingo ilifika mbali. Macho yakaugusa mstari mwekundu, yakatulia. Yakaanza kurudi. Na yakakuta rangi ya chungwa.

Akafumba jicho moja, akaipima kazi ile.

"Hii si kazi yangu," alisema hatimaye. "Nani kapaka hapa?"

"Mimi, babu."

"Lini?"

"Ulipokuwa umelala. Nilijua huoni. Nikanyamaza."

Babu akasogea, akapitisha kidole juu ya mstari mmoja uliotetemeka. Machozi yalimtoka, naye hakujisumbua kuyafuta.

"Siku zile ningeapa mbele ya mtu yeyote kwamba ukuta umekwisha," alisema. "Wahenga walisema nyani haoni kundule, nami nikadhani wanamsema nyani." Mama akacheka huku analia. Babu akamvuta Kitone kwake. "Ulifanya kazi nzuri, na ulifanya kosa kubwa, vyote kwa brashi moja. Sikia, mjukuu wangu. Kila mtu ana upande wake asiouona. Hata mama yako, hata Mwalimu, hata wewe. Ukimfichia mtu upande huo hujamlinda, umemwacha huko peke yake. Anayekupenda atakushika kichwa akugeuze, hata kama utamkasirikia."

"Nimekuelewa, babu."

"Haya. Kidevu bado hakijapakwa. Nileteeni kiti."

Wakamletea. Aliketi, akatafuta mstari mwekundu, akachovya brashi. "Mraba mmoja," alisema, na Kitone akamshikia kopo.

Ile mistari ya kutetemeka babu alikataa kuirekebisha. Shule ilipofunguliwa, wanafunzi walimuuliza Mwalimu kwa nini ubongo wao una mstari mwekundu pembeni, na Mwalimu akamtazama Kitone, ambaye akili yake ilikuwa imeshatoka dirishani.

Siku hizi, kabla ya kwenda shule, bado anashika kioo. Daktari alisema babu atapona sehemu kubwa, si yote. Asubuhi nyingine babu huukumbuka mstari mwekundu, asubuhi nyingine humpotea. Juzi alinyoa shavu la kulia, akasuuza wembe, akajifuta na taulo, akainua uso.

"Vipi, nimependeza?"

"Bado, babu," Kitone alisema. "Umebakiza kushoto."

Babu akaguna, akageuza kichwa, akachukua tena wembe wake.